Jina lako limeandikwa wapi? Historia ya madaftari ya leta Ituri

BUNIA. Kesi ya Thomas Lubanga ilipofunguliwa La Haye tarehe 26 Januari 2009, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kulikuwa na swali moja lililoonekana dogo: watoto waliobeba silaha Ituri mwaka 2002 na 2003 walikuwa na miaka mingapi? Kosa lenyewe lilihusu watoto wa chini ya miaka 15. Katika nchi ambayo kila kuzaliwa kunaandikwa, karani angefungua daftari, akasoma tarehe, na swali lingeisha pale.

Kwa Ituri haikuwa rahisi hivyo. Waliitwa madaktari kupima picha za mifupa ya mkono na za meno. Zililetwa karte za uchaguzi na karatasi za shule, na mara nyingi karatasi moja haikupatana na nyingine. Majaji waliona kwamba vipimo vya mifupa havina uhakika wa kutosha. Katika hukumu ya tarehe 14 Machi 2012, kati ya ushahidi uliobeba uzito ilikuwa video iliyochukuliwa tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya Rwampara, hapa karibu na Bunia. Majaji waliangalia sura za waliosimama mle na kusema: hawa ni watoto. Hata mahakama yenye pesa na wataalamu ilibidi itazame nyuso, kwa sababu madaftari ya kuaminika hayakuwepo.

Siku hizi, mjini na hata katika kambi za waliohama, watu wanasikia maneno mengi juu ya leta ya kidijitali: tovuti ya jimbo, cheti cha kuzaliwa kupitia simu, kodi ya soko kulipwa kwa Airtel Money au M-Pesa, kitambulisho chenye alama za vidole. Maneno hayo ni mazuri. Lakini tovuti au programu ya leta ni daftari tu lililobadilisha nguo, na daftari lina historia ndefu Ituri, tena historia isiyofurahisha sana.

Wakati wa Wabelgiji, chifu na karani wake walikuwa na orodha ya wanaume wote waliopaswa kutoa kodi. Kila mwanaume alikuwa na kitabu chake cha kitambulisho, na mle ndani iliandikwa kama amelipa. Aliyetaka kutoka sheferi yake kwa zaidi ya siku 30 alihitaji karatasi ya ruhusa. Kenya nao walikuwa na kipande chao, tangu mwaka 1920 hivi, ambacho wanaume walikivaa shingoni ndani ya kopo. Kusudi lilikuwa moja: leta ijue mtu yuko wapi, anadaiwa nini, na anaweza kupelekwa kazi gani. Orodha haikufanywa ili mwenye jina apate kitu. Wazee wanaokataa mpaka leo kutaja majina ya watoto wote wa nyumba mbele ya mtu mwenye kalamu si wajinga. Walirithi akili hiyo kwa wazazi wao.

Baada ya uhuru sheria zilibadilika kwa maandishi. Ituri ilikuwa sehemu ya jimbo dogo la Kibali-Ituri kuanzia 1962, kisha mwaka 1966 ikarudishwa chini ya Kisangani, na ndivyo ilivyokaa, kama distrikti ya Province Orientale, mpaka ikawa jimbo mwaka 2015. Hiyo maana yake ni kwamba kwa karibu miaka hamsini karatasi kubwa ilitiwa sahihi mbali. Mwaka 1984 Zaire ilihesabu watu wake wote. Mpaka leo hakuna hesabu nyingine ya namna ile iliyofanyika Kongo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa anaweza kuwa na wajukuu, na leta haijamhesabu tena hata mara moja. Mwaka 1987 ikaja sheria ya familia, iliyosema kila kuzaliwa kuandikishwe kwa afisa wa état civil. Sheria ilikuwa nzuri, lakini afisa alikuwa mbali, karani hakulipwa vizuri, na daftari lenyewe mara nyingine halikuletwa.

Halafu vita. Watu wa Bunia hawahitaji kuambiwa hadithi hiyo, lakini upande wa ofisi husahauliwa. Juni 1999 jenerali wa Uganda, James Kazini, alitangaza jimbo jipya la Kibali-Ituri na kumweka Adèle Lotsove kuwa gavana. Kinshasa haikuulizwa. Baadaye RCD-K/ML ikamleta Jean-Pierre Molondo Lompondo. Agosti 2002 yeye naye alifukuzwa, na UPC ya Lubanga ikashika mji. Mei 2003 mji uliporwa, maelfu ya watu wakalala kando ya uwanja wa ndege na kando ya makao ya MONUC, na Juni wakafika askari wa Operesheni Artemis wakiongozwa na Ufaransa. Katika miaka minne, mkaaji wa Nyakasanza au Mudzipela aliyetaka karatasi ya kiwanja aliweza kukutana na mihuri ya tawala tatu au nne. Kila muhuri ulidai kuwa ndio leta. Ugomvi mwingi wa ardhi unaosikika leo unabeba mihuri hiyo ndani yake.

Hata hesabu ya waliokufa ilibaki makadirio. Mashirika ya haki za binadamu yanasema zaidi ya watu 50,000 kati ya 1999 na 2003. Inasemwa hivyo, "zaidi ya", kwa sababu hakuna ofisi iliyoandika jina kwa jina.

Aprili 2003, Kamati ya Kutuliza Ituri ilikutana Bunia na kuzaa utawala wa muda. Emmanuel Leku Apuobo alikuwa mratibu wake na Petronille Vaweka aliongoza baraza. Mwaka uliofuata mama Vaweka akawekwa kuwa komiseri wa distrikti. Utawala ule ulianza karibu mikono mitupu. Kitu kilichosaidia leta kusikika wakati huo hakikuwa ofisi, kilikuwa redio. Radio Candip ya ISP, iliyozaliwa miaka ya 1970 kwa kazi ya kufundisha, ilikuwa imeonja uchungu wa vita, kwa maana kila aliyeshika mji alitaka kushika mikrofoni pia. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002, ilisema Kiswahili na Lingala kwa watu waliotawanyika porini. Kama mtu anatafuta tovuti ya kwanza ya Ituri, ni hiyo: komunike inasomwa saa moja jioni, mwenye redio anaongeza sauti, na jirani anakuja kusikiliza. Ubaya wake ni kwamba asiyesikiliza saa ile amekosa. Redio inatangaza, lakini haitunzi, wala mtu hawezi kurudi kuiuliza wiki ijayo.

Mwaka 2005 uandikishaji wa wapiga kura ulileta kompyuta, picha na alama za vidole mpaka vijijini. Kwa watu wengi wa Djugu na Irumu ile ndiyo siku ya kwanza jina lao kuingia katika mtambo wa leta. Karte ya uchaguzi ikawa kitambulisho cha kila kazi: kuchukua pesa, kupita barrière, kununua kadi ya simu. Kitambulisho cha uraia cha wakati wa Zaire kilikuwa kimekufa, na kingine hakikuja. Tarehe 30 Juni 2023 karte mpya za ONIP, ofisi ya taifa ya kutambulisha watu, zilianza kutolewa Kinshasa, lakini mwaka uliofuata mkataba na kampuni iliyopewa kazi ile ukavunjwa. Kwa hiyo nchi kubwa kama hii inaendelea kutambua watu wake kwa kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya siku moja ya kura. Kadi hizo za zamani zina jambo jingine la kuangaliwa: ziliandika asili ya mtu, jimbo, teritware, mpaka sheferi. Kwa Ituri, mahali ambapo barrière imewahi kuuliza mtu ni wa wapi kabla ya kumruhusu kuishi, mstari ule mdogo si wa kuchezea. Sheria ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu juu ya ulinzi wa habari za mtu binafsi. Yeyote atakayejenga mtambo wa watu waliohama Ituri aanze na sehemu hiyo, kabla ya kuchagua rangi za ukurasa.

Kuna mfano mmoja wa karibu unaostahili kusimuliwa polepole. Ni wa Kivu Kusini.

Kuanzia karibu mwaka 2010, kwa msaada wa Benki ya Dunia, komini kadhaa za Bukavu, kama Ibanda na Bagira, pamoja na sheferi kama Luhwindja, zilijaribu jambo ambalo wengi walilicheka. Watu waliitwa kwa ujumbe mfupi wa simu kuja kwenye mkutano wa bajeti. Ujumbe ulitumwa kwa simu zilizo karibu na antena za eneo lile, hata kama mwenye simu hajulikani jina. Kwenye mkutano, burgumestri au chifu alisema pesa zilizopo ni kiasi gani. Wakaaji walichagua kazi ya kwanza: madarasa, kituo cha afya, daraja, maji. Uchaguzi ulifanyika kwa mikono mkutanoni na kwa simu. Baadaye ujumbe mwingine ulirudi kwa kila mtu: mmechagua hiki, na kazi imefika hapa.

Simu zenyewe zilikuwa za tochi. Hakukuwa na tovuti nzuri wala intaneti ya haraka. Jambo jipya lilikuwa kwamba burgumestri alisema hadharani, kwa franka, komini ina nini. Katiba ya 2006 inasema majimbo yanabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema miji, komini, sekta na sheferi zipate asilimia 40 ya sehemu hiyo ya jimbo. Wakaaji wengi hawakuwahi kusikia namba hizo, na pesa zenyewe zilikuwa hazishuki. Mkutano ulipoanza kuuliza, pesa kidogo zikaanza kushuka. Benki ya Dunia iliripoti pia kwamba katika sehemu kadhaa ukusanyaji wa kodi uliongezeka. Hilo halishangazi. Mama wa soko anayelipa franka zake kila asubuhi na kuona choo cha soko kimejengwa halipi kama yule anayelipa na kuona burgumestri amebadilisha gari.

Udhaifu ulikuwepo pia. Unite za ujumbe na mafunzo vilitegemea mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Maburgumestri waliteuliwa kutoka juu, na aliyeteuliwa anaweza kuhamishwa kesho pamoja na kumbukumbu zote za kichwani mwake. Kwa Ituri jambo hilo ni zito zaidi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi, ule unaoitwa état de siège. Gavana ni jenerali, baraza la jimbo limesimamishwa, na maafisa wa jeshi na polisi wamekaa katika meri na teritware. Afisa anakuja kwa amri na anaondoka kwa amri. Kama neno la siri la ukurasa wa ofisi liko katika simu ya msaidizi wake, ukurasa unaondoka naye kwenye ndege.

Ng'ambo ya Tanganyika, Tanzania ilichukua njia nyingine. Mwaka 2017, kwa msaada wa Wamarekani, mikoa yote 26 na halmashauri 185 zilipewa tovuti. Hazikujengwa kila moja kivyake. Wakala wa serikali mtandao ulitengeneza umbo moja, na kila halmashauri ikajaza habari zake kwa Kiswahili: huduma, fomu, zabuni, majina ya wakuu wa idara. Maafisa habari na watu wa kompyuta wa kila halmashauri walifundishwa kuandika wenyewe, na anwani zote zinaishia kwa go.tz, hivyo mtu anajua hii ni ya serikali na hii si yake. Si zote zinazosasishwa sawasawa, lakini kijana wa Kasulu anaweza kusoma kwa lugha yake ni karatasi gani alete kabla ya kupanda pikipiki kwenda ofisini. Kwa mtu wa Mahagi au Mambasa, anayelipa nauli ya siku nzima kusikia "rudi kesho na nakala mbili", hilo lingekuwa jambo kubwa.

Anwani ya kuaminika ina kazi nyingine pia. Bunia, habari za leta hupita kwenye vikundi vya WhatsApp, na humo humo hupita komunike za uongo zenye muhuri ulionakiliwa: barabara imefungwa, msaada unagawanywa, kambi inahamishwa. Watu wamewahi kubeba magodoro kichwani kwa sababu ya karatasi isiyo na mwenyewe. Kongo ina anwani zake za .cd tangu 1997, zilipochukua nafasi ya zile za Zaire. Mahali pamoja panapojulikana, ambapo mtangazaji wa redio na mkuu wa kartie wanaweza kuhakikisha kama komunike ni ya kweli kabla ya kuisoma, pangeokoa mbio nyingi za usiku.

Lakini watu hawaamini simu ya leta bure tu, na wana sababu. Toka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, mpaka karibu tarehe 20 Januari 2019, intaneti na ujumbe mfupi vilikatwa nchi nzima. Mwaka 2020 ikaja RAM, ile kodi ya kuandikisha simu: dola 1.17 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu kubwa, ikinyonywa kutoka unite bila mtu kuulizwa. Kelele zilikuwa nyingi hata bungeni, na mwanzoni mwa 2022 ikafutwa. Kwa wakaaji wengi hiyo ndiyo huduma ya kidijitali ya leta waliyoijua kwa mkono wao: iliwatambua haraka sana ilipotaka kuchukua.

Wakati leta inachelewa, wengine wameandika. Mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, vita viliporudi Djugu, maelfu ya familia walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kwenda Uganda. Mwaka huo huo Uganda, baada ya kelele kwamba hesabu ya wakimbizi imevimbishwa, iliwapima upya wote pamoja na HCR, kwa vidole na kwa macho. Kutoka milioni 1.4 waliosemwa, walithibitishwa karibu milioni 1.1. Hata orodha yenye pesa za dunia nzima huvimba kama hakuna anayerudi kuikagua. Upande huu wa ziwa, Umoja wa Mataifa unahesabu waliohama ndani ya Ituri kuwa zaidi ya milioni moja. Wengi wao wana kadi za mashirika za kupokea chakula. Mama aliyekimbia Djugu anaweza kuwa katika kompyuta ya shirika kwa jina, picha na idadi ya watoto, na leta ya nchi yake isiwe na mstari hata mmoja juu ya watoto hao.

Uchunguzi wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta watoto 25 tu kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wameandikishwa Kongo. Ule wa 2017 na 2018 ulikuta 40. Sheria ya familia ilirekebishwa mwaka 2016, na sasa mzazi ana siku 90 za kuandikisha mtoto bila malipo. Zikipita, inabidi kwenda tribinali kutafuta hukumu, na hukumu ina gharama na safari. Siku 90 ni nyingi kwa mtu aliye nyumbani. Kwa mama aliyejifungua njiani, akalala shuleni Iga-Barrière, akafika Bunia mwezi wa tatu, ni chache sana.

Hapo ndipo mtambo ungeleta faida ya kweli. Daftari la karatasi linakaa kijijini, na kijiji kikiungua linaungua nacho. Daftari lenye nakala mjini na nakala nyingine mbali linaweza kumfuata mwenye jina mahali alipokimbilia. Lakini kwanza lazima karani akae kambini na kuandika, alipwe kwa kazi hiyo, awe na betri na panneau ya jua, na yule atakayemrithi apewe funguo zote kwa maandishi. Kazi hiyo haina sherehe ya kukata utepe, na labda ndiyo sababu inaahirishwa.

Kambi ya Kigonze ilifunguliwa mwaka 2019, kupokea familia zilizokuwa zimebanana kando ya hospitali kuu ya Bunia. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule anatarajiwa kufika darasa la sita karibu mwaka 2031. Fomu ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi itamuuliza jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa.